Paka Hakuwa Wangu, Nami Nilisema Ni Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, ili asiwepo wa kupata raha ya kunikamata katikati. Nilidanganya, nikavunja neno nililompa mzee, na mzee huyo sasa ananiita kama mgeni. Lakini hao wa shirika la wanyama nao, eeh! Msidhani nimekuja hapa kulia peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa Bukavu, nakaa Schaerbeek, hapa Brussels, na kazi yangu ni kushona nguo nyumbani. Nyumbani, mnanisikia? Muntu kama mimi tram anaijua kwa sauti tu. Rafiki yangu Furaha husema siku nikifa hawatatafuta jeneza, watanizika na kochi langu, maana kututenganisha itakuwa dhambi. Acheni acheke. Kochi halijawahi kuniletea matata. Matata niliyafuata kwa miguu yangu.

Juu yangu anakaa mzee wa Lubumbashi. Nitamwita Papa Gédéon, si jina lake. Mke wake alipofariki, Papa alibaki na paka mmoja mkubwa wa kijivu. Jina la paka: Bourgmestre, yaani meya! Kwa sababu alikuwa akishuka ngazi kama muntu anayekagua commune yake.

Siku moja Papa akagonga kwangu, kofia mkononi.

"Mwanangu, wanaenda kunipasua moyo. Paka yangu utaniwekea kidogo?"

"Bila shida, Papa!"

Bila shida! Mimi ninayeogopa paka tangu utoto! Lakini papa mwenye mvi akusimamie mlangoni na kofia mkononi, umwambie hapana? Kwetu ulimi wenyewe unagoma. Nilisema ndiyo kwa mdomo, tumbo likisema hapana. Kosa lilizaliwa hapo mlangoni, kabla shirika halijaingia kwenye habari hii.

Bourgmestre akashuka kwangu na mto wake. Akalala juu ya perruque yangu, wigi ya kwendea kanisani. Akala uzi. Nikikaa kwenye mashine, anapanda mezani kuniangalia mikono kama inspecteur wa ushonaji. Nikavumilia. Kisha akakojolea pagne za harusi ya binti wa Furaha, vile vitenge vya familia nzima, vimeshakatwa, vinangoja sindano.

Furaha akaja kupimwa, akanusa.

"Ma chère, hii ni harusi ao ni kilio?"

"Ni paka."

"Paka ya nani?"

"Ya Papa wa juu."

"Alors, Papa wa juu atavaa hizi!"

Nilicheka, lakini alipotoka nilikuwa nimeshaamua. Ningeweza kumuomba Furaha anisaidie. Ningeweza kwenda hospitali kumwambia Papa ukweli. Wapi! Nikakumbuka lile shirika kubwa la kutetea wanyama, lenye mabango ya mbwa mwenye macho ya yatima kwenye vituo vya tram. Nikasema, bon, hao si ndiyo kazi yao? Watamlisha mpaka Papa akaribie kutoka, nitamfuata paka, nitampandisha juu, na Papa hatajua lolote. Nikamtia kwenye kigari changu cha soko, kichwa nje, tukapanda basi. Mimi kutoka nyumbani bila kulazimishwa ni muujiza, na muujiza wenyewe niliufanya kwa ubaya.

Kwenye mapokezi kulikuwa na msichana mpole.

"Huyu paka ni wako?"

"Wangu."

Sikilizeni hapa. Kwetu mutoto wa dada yangu ni mutoto wangu, na wa jirani akila kwangu ni wangu pia, hakuna anayeuliza. Hiyo ni nusu ya jibu langu. Nusu ya pili ilikuwa ujanja mtupu: nilijua nikisema mwenyewe yuko hospitali, watanirudisha na paka wangu kwenye kigari. Na msichana hakunificha kitu! Alinieleza vizuri kwamba nikishamwacha, wao ndio wataamua anaenda kwa nani. Nikaitikia oui, oui, nikiwaza pagne. Nilijiambia maneno ya ofisi ni ya ofisi, lakini watu ni watu. Nitarudi na zawadi, tutaelewana.

Na kweli nilirudi na zawadi, mjinga mimi! Papa alipoanza kutembea kwenye korido ya hospitali, nilibeba sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa letu, ili niwashukuru waliomlea paka. Msichana alinusa mfuko, akarudi nyuma.

"Madame, huyo ameshapata familia."

"Familia gani? Familia anayo!"

"Haturuhusiwi kusema ni nani."

Nikarudi nyumbani na samaki wangu. Basi zima lilinitazama.

Nikaanza kupiga simu. Ile sauti ya mashine: ukitaka kuchangia, bonyeza hiki, ukitafuta mnyama, bonyeza kile. Nikabonyeza cha mnyama. Muziki. Nikapika maharagwe, muziki. Yakaiva, muziki! Nikakata, nikapiga tena, nikabonyeza cha kuchangia. Muntu akajibu kabla sijavuta pumzi, sauti tamu kama asali. Nilipotaja paka, asali ikaisha, akanirudisha kwenye muziki.

Nikaingia kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, nikakuta siko peke yangu. Mama mmoja aliwaita kwa ajili ya mbwa aliyeachwa kwenye balcon, hakuna aliyekuja. Bwana mmoja alikataliwa mbwa kwa sababu hana bustani. Bustani, Brussels hii! Chini ya kila lalamiko walijibu kitu kilekile: asante kwa kuwajali wanyama. Nami nikaandika yangu, na uongo wangu nikauweka humohumo, sikujificha. Bwana mwingine akanirukia kwamba watu kama sisi paka tunawala. Nikamjibu: "Bwana, mimi hata kuku nanunua ameshakatwa. Turudi kwenye neno letu." Baadaye nikakuta wamefuta. Wamefuta maneno yangu! Ya yule bwana waliyaacha.

Furaha alipoona hivyo akasema, "Toka kwenye kochi. Tunaenda kukaa."

Kukaa, yaani vile kwetu tunafanya. Muntu mwenye neno na wewe anakuja kwako, anakaa, hatukani, hapigi kelele, anakaa mpaka neno lisemwe. Tukaenda na thermos ya chai na beignets, maandazi yetu, tukakaa kwenye mapokezi yao. Watu waliingia na mbwa, wakatoka na mbwa, sisi tupo. Mwishowe akatoka mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Madame, wewe mwenyewe ulisema paka ni wako."

"Nilidanganya. Waambieni waliomchukua ukweli wote, waamue wenyewe. Labda watakubali."

"Utaratibu wetu hauruhusu. Lakini tuna paka wengine wengi. Huyo mzee anaweza kuchukua mwingine."

Furaha akaruka. "Basi mumupe leo! Tutamubeba sisi."

"Ana umri gani? Anaishi peke yake? Na amepasuliwa moyo?" Mama akavaa miwani, akaivua. "Ah. Hapo itakuwa vigumu."

Mnasikia? Paka wa Papa wamempa muntu mwingine, na Papa mwenyewe hafai kupewa paka! Furaha akanigeukia, akasema kwa sauti yake ya kwaya, "Ma chère, ungeomba bwana wa kukuoa hapa, ungezeeka kwenye benchi." Tulicheka mpaka mbwa wakabweka. Kisha nikakumbuka kwamba Papa anatoka hospitali, na kicheko kikakauka.

Nilipanda ngazi mwenyewe. Sikumtuma Furaha, sikupiga simu. Papa alikuwa ameketi bado na koti, na sahani ya Bourgmestre ameshaiweka chini, imejaa.

"Mwanangu! Yuko wapi bwana mkubwa?"

Nikamwambia yote. Pagne, kigari, basi, msichana. Mwishowe akauliza:

"Uliwaambia ni wako?"

"Ndiyo, Papa."

"Na mimi, ulishindwa kuniambia hapana?"

Papa akasimama, akanifungulia mlango, akaufunga nyuma yangu polepole. Angeubamiza, ningelala vizuri.

Tangu hapo "mwanangu" imekufa. Tukikutana kwenye ngazi anainua kofia: "Bonjour, madame." Kwa heshima zote, kama anamsalimia mkaguzi wa gesi. Madame! Mimi niliyemshonea nguo za msiba wa mke wake! Nilimpelekea supu, akaipokea. Akanirudishia sufuria imeoshwa, inang'aa, tupu kabisa. Mliolelewa kama mimi mnajua: sufuria hairudishwi tupu kwa muntu wako, hata kitunguu kimoja unakitia. Nililia juu ya ile sufuria kuliko nilivyolia kwenye misiba mingine, na sioni aibu kuwaambia.

Bon. Nimeungama, sasa mnisikilize. Ukiombwa kulinda kitu chenye roho na huwezi, sema hapana. Iseme palepale, machoni pa mzee, na mvi zake na kofia yake. Atanuna, atakusema kwa wakubwa wenzake, kisha atatafuta mwingine. Ndiyo ya uongo usiipe nafasi, itakunyang'anya mpaka jina ulilokuwa ukiitwa kwa upendo. Na mkifika kwa hao wakubwa wa mabango, msiende na ujanja wala na samaki. Semeni ukweli mlangoni, kwa sababu uongo wenu ndio watakaoushika kwa nguvu zaidi.

Na ninyi wa shirika, najua mnasoma, maana kufuta mnafuta haraka. Kesho narudi kukaa, mimi wa kochi, na thermos yangu. Mkiita polisi, nao watakunywa chai. Hata paka simdai tena kwa lazima. Kama huko aliko analala vizuri, alale. Nadai mmoja wenu aje Schaerbeek, apande ngazi hizi, agonge kwa Papa Gédéon, amwambie kwa mdomo wake kwamba Bourgmestre yuko hai na anakula. Mimi nilizipanda. Pandeni na ninyi!