Likizo Mama Alipomtembeza Kukhu Nairobi

Agosti ya Kangemi ina harufu yake: mafuta ya taa, makaa mabichi yanayokataa kushika moto, na sukuma wiki yenye umande ikishushwa sokoni kabla hakujapambazuka vizuri. Baridi ya mwezi huo hupenya kwenye mabati na kukufuata hadi chini ya blanketi. Tuliishi chumba kimoja, katika ploti ambayo milango yake ilitazamana, mama, mdogo wangu Wafula na mimi. Nilikuwa na miaka kumi, Wafula mitano. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tulikuwa bado hatujazoea kupakua chakula cha watu watatu. Ndipo Kukhu, ndivyo Wabukusu tunavyomwita bibi, alipofika kutoka Bungoma akiwa na kuku wawili na neno moja: alikuwa amekuja kutuchukua.

Hakulisema kwa ukali. Alisubiri hadi tulipolala, au alipodhani tumelala, kisha nikamsikia nyuma ya pazia. "Mtoto alelewe mahali anajulikana," alimwambia mama. "Hapa hata mti hakuna. Mtoto akianguka njiani, nani atamwokota? Hawa ni damu ya mwanangu. Nitaenda nao." Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu Kilimani, mikono yake imechubuka kwa sabuni, na hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Lakini usiku ule akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, nipe hii likizo tu. Ikiisha na bado unaona hapa si mahali pa mtoto, nguo zao nitazifunga mimi mwenyewe." Nilimkumbatia Wafula gizani. Yeye alikuwa amelala kweli.

Wenye mashua hujua mito, na mama aliyetafuta vibarua kwa miguu aliijua Nairobi kwa namna ambayo haimo katika picha za watalii. Mbuga ya wanyama hatukuwahi kuiona, wala twiga wale wanaolishwa na wageni mkononi. Lakini siku aliyokosa nguo za kufua alijua pa kupumzisha miguu yake, na huko ndiko alikoanza kumpeleka Kukhu. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, tuliteremka Waiyaki Way kwa miguu, tukapita Westlands, tukaingia vichochoro vya Kileleshwa hadi kwenye bustani kubwa ya miti. Nilidhani Kukhu atachoka. Kumbe sisi ndio tuliochoka. Alipoingia langoni alisimama, akainua uso kama mtu aliyeitwa. Palikuwa na miti ya kila nchi, mingine minene kuliko nyumba yetu, na chini ya kila mmoja mtu akiomba kwa sauti: mwanamke akipiga magoti, kijana akizunguka shina na Biblia kifuani, mwingine akilia bila kuona haya. Kukhu alitembea kati yao akigusa magome, akitaja miti kwa Kibukusu. Tumbili alimshukia na kumnyang'anya ndizi mkononi. Tulishika pumzi. Kukhu alimtazama akiimenya juu ya tawi, kisha akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye nyasi. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu mazishi.

"Sawa," alimwambia mama tulipokuwa tukirudi, "miti iko. Lakini miti haileti mtoto nyumbani."

Jumapili iliyofuata tulikwenda katikati ya jiji, si kwenye majumba marefu bali kwenye jumba la soko la zamani, lenye paa la juu linalopitisha mwanga kama kanisa. Upande mmoja waridi zimesimama kwenye ndoo, upande mwingine samaki wa ziwani wamelazwa kwenye barafu, na harufu hizo mbili zikikutana katikati humfanya mtu asijue anaoa au anazika. Muuza samaki mmoja, mama mnene mwenye aproni ya bluu, alitazama kitambaa cha kichwani cha Kukhu na namna alivyokifunga, akamsalimu kwa lugha yetu, "Mulembe, kukhu." Kukhu alishtuka, akaitika, na wawili hao wakaanza kuulizana ukoo, huku sisi tukihesabu macho ya samaki. Walipata mtu wanayemfahamu wote, kisha wa pili. Tuliondoka na kipande cha samaki tulichopewa kimefungwa kwa gazeti. Mama alitembea akiwa ameinua kichwa.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho, na hapo karibu kila kitu kiharibike. Mama alitaka Kukhu aone Ngara, ambako vitabu vya mitumba hupangwa kando ya njia kama vitunguu. Alijua ninavyopenda kusoma. Akauachia mkono wa Wafula ili aninyanyulie kitabu kimoja chenye picha za nyota, na alipourudisha mkono, Wafula hakuwepo. Hakuna njia nzuri ya kueleza sauti ya mama akiita jina la mtoto katika umati. Alikimbia huku, akarudi, akakimbia kule. Wauza vitabu waliacha biashara zao wakaanza kuita nao. Kukhu hakuita. Alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, akakaa kimya, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zote, kwa sababu nilijua maana yake. Niliona nguo zetu zikifungwa.

Ni mpiga viatu rangi wa kona ya pili aliyetuokoa. "Ni yule mtoi wa sweta nyekundu?" akauliza. "Alikuwa analia hapa. Kuna mathe Mhindi, mama mzee hivi, amempeleka pale kwa hekalu ya Singasinga, wale wa vilemba. Amesema mkiulizia niwashow msijali, mtamkuta anakula." Tulikimbia. Langoni mzee mwenye kilemba cheupe alituomba tuvue viatu na kufunika vichwa, akatuongoza hadi ukumbi mkubwa ambapo watu walikaa sakafuni kwa safu, matajiri kwa vibarua, Wahindi kwa Waafrika, kila mmoja na sinia lake. Na hapo katikati alikuwepo Wafula, machozi yamekaukia mashavuni, mdomo umejaa dengu na chapati. Kando yake alikaa mwanamke mwenye mvi na shali ya manjano, akimpulizia chakula kipoe.

Mama alianguka magotini akamkumbatia. Kukhu alisimama mlangoni, hajui aingie au la. "Sijui dini ya hapa," akanong'ona. Yule mwanamke alimsikia. "Mama, hapa hakuna kuuliza dini," akasema kwa Kiswahili cha Kinairobi kabisa. "Wewe umetoka mbali, umeogopa sana. Kaa chini, kula kwanza." Kukhu akakaa. Alikula polepole, akawatazama vijana waliopita na ndoo za dengu wakimjazia kila mtu bila kubagua, na nilipotazama tena alikuwa akifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Tukiwa njiani kurudi, alimbeba Wafula mgongoni. Tulipofika karibu na Kangemi alisimama kupumua, akamgeukia mama. "Mtoto amepotea katika mji huu," alisema, "na amepatikana ameshiba. Kaa nao, binti yangu. Lakini Desemba ni yangu." Mama alikuwa hajawahi kuitwa binti na mwanamke yule.

Desemba zilikuwa zake mpaka alipotutoka. Siku hizi ninaishi Kilimani, ghorofa ya saba, na juu ya Waiyaki Way imejengwa barabara ya angani inayompitisha mtu Westlands asione hata uso mmoja. Binti yangu ana umri niliokuwa nao wakati ule, na anaijua Nairobi ya madirisha ya gari: shule, duka kubwa, nyumbani. Uwezo ambao mama hakuwa nao ninao, lakini Jumapili zake sina. Nimeanza kujifunza upya, mara moja moja, kwenda mahali kwa miguu na mtoto mkononi. Mama mwenyewe alirudi Bungoma alipozeeka, kwa hiari yake, akajenga karibu na kaburi la baba. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamuuliza anaendeleaje. Akaniambia kuna mvua, ng'ombe amezaa, majirani ni wema, kila mtu anamfahamu kwa jina. Kisha akashusha pumzi. "Ila mwanangu," akasema, "huku hakuna pa kutembea."