Mganga wa Kwenye Shuka Jeupe

Umeme ukikatika hapa Manundu, jirani huwasha jenereta ili wanawe wamalizie filamu zao za uchawi. Moshi wa jenereta hiyo ukinifikia, mimi hufunga dirisha, hata kama kuna joto.

Gari la sinema lililokuja kijijini kwetu, karibu na Mkata, nilipokuwa mtoto, lilinuka hivyohivyo. Kijiji kilikuwa kipya; tulikuwa tumehamishiwa hapo tukaambiwa zahanati itafuata. Kwenye shuka jeupe tulimwona mganga mwenye joho akimpulizia moshi mtoto aliyekufa, na mtoto akaamka, akacheka. Watu wazima walipiga makofi. Mama, aliyempakata mdogo wangu mwenye homa, hakupiga.

Asubuhi alimbeba mgongoni, akakamata tetea wetu, tukamkuta dereva akikunja shuka lake.

"Namtafuta yule mganga wa jana."

"Mama, ile ni picha tu."

"Najua ni picha, baba. Lakini picha hupigwa mtu. Huyo mtu anakaa wapi?"

Dereva aliitazama miguu ya mdogo wangu, ilivyoning'inia. "Anaigiza, mama. Hana dawa yoyote."

Mama akamsogezea tetea. "Kuku mmoja hatoshi?"

Dereva alipanda gari, akaliwasha, na moshi ukatufunika sote. Nami nikageuka upesi kumtazama mdogo wangu usoni, nione kama atacheka.

Yule tetea aliliwa msibani.