Ovaroli ya Arua kwenye Intaviu ya Koboko

Jamani, niliaibika Koboko mpaka sasa nikikutana na mtu wa huko nageuza uso, lakini acha niseme mwenyewe kabla wengine hawajawasimulia na chumvi yao.

Mimi ni mwalimu wa useremala. Chuo chetu cha Arua, baada ya kunitumia miaka tisa, kilituita walimu wote wa ufundi kikasema mshahara wa mwezi umekwisha, sasa ni kulipwa kwa saa, na likizo utajijua mwenyewe. Kwa hiyo niliposikia chuo kimoja Koboko kinataka seremala wa kudumu, niliapa kazi hiyo ni yangu. Fomu iliuliza kama nafundisha kwingine, nikaandika sifundishi popote (uongo mtupu, juzi yake tu nilikuwa darasani Arua).

Siku ya intaviu ilibidi tufundishe mbele ya kamati na wanafunzi, kwa nguo za kazi. Ovaroli yangu safi ilikuwa bado imelowa, nikavaa ile ya chuo cha Arua, yenye jina lake mgongoni kwa herufi kubwa nyekundu, nikajiambia si neno, nitawapa uso tu.

Basi nikafundisha nimeganda ukutani, nachora ubaoni mkono umepinda nyuma, naenda mezani kwa ubavu, na wanafunzi wameshaanza kucheka chini chini. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akauliza, "Mwalimu, mgongo iko na shida?"

"Iko, Madam, inauma sana," nikajibu (uongo wa pili huo).

"Pole. Leteni kiti." Akaja mwenyewe kunishika bega anikalishe, nikamkwepa, nikajikwaa kwenye mbao, nikaanguka kifudifudi juu ya maranda. Wanafunzi wakasoma mgongo wangu kwa sauti moja.

"Kumbe wewe iko nafundisha Arua," akasema Mwenyekiti.

"Ndiyo, Madam. Kwa saa. Niliogopa mtaninyima nafasi."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini siondoki nimelala chini, nikasema moyoni. Nikavua ovaroli, nikawageuzia mgongo na shati langu la jasho, nikakata kiungo cha mbao mbili, ulimi wa ubao mmoja ukaingia kwenye tundu la mwingine, nikampa mwanafunzi mmoja mwenye nguvu auvute. Haukutoka.

Madam akanisindikiza mpaka mlangoni. "Kazi yako iko muzuri sana, Mwalimu. Ungeandika tu ukweli, tungekungoja umalize muhula huko."

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Msinionee huruma, mimi bado natafuta, na popote watakapotangaza, hata kule kijijini Adumi, nitakwenda. Ila kwenye fomu sitaficha tena hata saa moja ninayofundisha.