Mti wa Cyrille, Ambaye Hakufa

Ulipokutana na Koko Orpa asubuhi baada ya mazishi, hakukuuliza kama umelala vizuri. Alikuuliza ulikula nini matangani. Ukijibu kwamba ulikula maharagwe na nsima, yaani ugali, hapo hapo alikukabidhi ndoo.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Kila aliyefariki katika kanisa letu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alipandiwa mti kwenye mteremko nyuma ya kanisa, na kila aliyekula chakula cha matanga alibeba maji ya mti huo kwa zamu mpaka mvua za mwaka wa pili. Aliyekula sahani mbili alibeba zamu mbili. Mimi huwa nakula mbili, kwa hiyo shingo yangu inaijua vizuri njia ya bomba.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu kule Kongo, na watu huniita Mama Aristote kwa jina la mwanangu wa kwanza. Nataja Bukavu ili ujue kwamba mambo ya majembe sikuzaliwa nayo. Kwetu mti ulikuwa kitu cha kupita chini yake ukienda posta. Koko Orpa yeye alitoka Fizi, mkulima hasa, mfupi, mwenye viganja vipana na kitenge alichokifunga juu ya magoti kana kwamba kila saa anavuka mto. Kusoma hakujua. Tulimwita Koko, yaani bibi, ingawa wajukuu hakuwa nao. Alifika kambini mwaka 2002, na siku ya kwanza tu tuligombana kwenye foleni ya maji, kwa sababu alisema ndoo yangu imepita mbele ya yake, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku ya pili alikuja kwangu na muhogo wa kuchemsha. Tangu hapo sikupata tena nafasi ya kumkwepa, wala sikuitafuta.

Sababu ya miti aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachambua maharagwe. Wakati wa vita alimzika mume wake pembeni ya shamba la watu, haraka haraka, kwa jembe la kuazima, bila kuweka alama. Mwaka uliofuata alipita tena njia ile, akatafuta tangu asubuhi hadi jua linazama. Shamba lilikuwa limelimwa lote.

"Mi nilimukanyaga bwana yangu, Mama Aristote," aliniambia. "Nilimukanyaga na miguu, na sikujua ni wapi."

Mimi nina mdomo, kila mtu Dzaleka anajua. Lakini siku ile niliendelea kuchambua maharagwe huku machozi yananidondokea ndani ya ungo.

Kwa asiyejua kambi, mti uliosimama ni jambo la ajabu. Kuni ni taabu, na kila kijiti kinachochomoza ardhini kuna mtu tayari anakipigia hesabu ya chungu. Lakini mstari wa Koko haukuguswa. Nani angethubutu kupikia mama ya mtu? Kwenye kila mti alining'iniza kibati kilichokatwa kutoka debe la mafuta ya msaada, na mimi ndiye niliyeandika majina, kwa rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango wa kanisa. Alipanda misangu, alipanda mibawa, miti ya huku Malawi, na alipanda mvua zinapoanza tu. Aliyekufa kiangazi ilibidi angoje. Kibati chake kilikaa ndani ya bakuli nyumbani kwa Koko mpaka Novemba, na kila asubuhi alikigusa kwa kidole kabla ya kutoka. Alisema miezi hiyo ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu watu wameshamaliza kulia na bado hakuna kitu cha kumwagilia.

Basi, Cyrille.

Cyrille alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye maneno mengi, aliyetoka Uvira peke yake bila hata binamu. Alishona kwenye kibanda changu. Katikati ya mwaka 2008 alikata mikono ya koti la bwana harusi, mmoja mrefu na mmoja mfupi, nami nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Kesho yake hakuja. Alikuwa ameondoka kwenda Lilongwe, na mkasi wangu mzuri ulikuwa umeondoka naye. Nilimlaani kutwa nzima. Baadaye tulisikia analala Mtandire na anabeba mitumba ya tumbaku kwenye maghala ya Kanengo. Mara moja moja alimpigia Koko simu. Kisha simu ikanyamaza.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kugawa chakula, jina lake halikuwepo kwenye listi. Sasa, kwetu jina hutoka kwenye listi kwa njia tatu: umepelekwa ng'ambo, umerudi kwenu, au umekufa. Angepelekwa ng'ambo, tungekuwa tumemchezea ngoma. Kurudi, angerudi kwa nani? Juma hilo hilo mwendesha kabaza mmoja, baiskeli ya kubeba abiria, kutoka Mtandire akaleta habari kwamba Mkongomani mmoja ameangukiwa na mitumba huko Kanengo. Mimi ndiye niliyeunganisha mambo hayo mawili. Nikapiga ukunga hapo hapo kwenye foleni, mbele ya magunia ya mahindi.

Koko Orpa aliuliza swali moja la akili: "Nani aliona maiti?"

Nilimkaripia. Nilimwambia aache ubishi, mtoto wa watu amekufa. Ukweli ni kwamba maneno ya koti lile yalikuwa yananichoma, na mtu mwenye kosa hulia kwa sauti. Tulikaa matanga siku tatu. Mvua zilikuwa zimeanza, na Koko alimpandia mbawa, mwisho wa mstari. Niliandika CYRILLE kwa herufi kubwa kuliko za wote. Nilibeba maji kila zamu yangu ilipofika, kisha nikabeba na ya wengine.

Julai iliyofuata nilikuwa nimeinamia cherehani. Kitu kikawekwa mezani, mkasi wangu. Nikainua macho, na Cyrille amesimama pale, mwembamba, ameegemea fimbo.

Kusema nilipiga kelele ni kupunguza. Watu walitoka hadi kwenye mashine ya kusaga.

"Mama Aristote, mbona unalia?" akauliza. "Mkasi yako njo hii. Hata sikuinolesha vibaya."

Mitumba ilimwangukia kweli, lakini haikumuua. Ilimvunja mguu na mbavu. Alilala hospitali miezi, simu ikapotea, na alipotoka aliona haya kurudi akichechemea mikono mitupu. Kuhusu jina lake, njia zile tatu za kufutwa hazikuwa zote: kulikuwa na ya nne, kukosa kuhesabiwa mara kadhaa, na hiyo hatukuifikiria. Nilimkumbatia, nikampiga kofi la mgongo, nikamkumbatia tena.

Wabeba maji nao walikuja. Walifurahi, ndiyo, lakini kwa masharti.

"Ndoo kumi na saba, Cyrille," mama mmoja alimwambia, mkono kiunoni. "Nilikubebea ndoo kumi na saba, na we ulikuwa unakula chipsi Lilongwe!"

Aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito kabisa alikuwa Papa René, mzee wa kanisa, mtu mwema lakini mwoga wa vitu visivyoonekana. Jumapili baada ya ibada alitangulia nyuma ya kanisa na panga, na sisi wote tukamfuata.

"Huu mti ni wa kufa," alisema, "na mwenyewe iko muzima. Hatuwezi kuuacha. Utamuvuta. Tuukate leo, mwenye anataka kuni abebe."

Niliona wanawake wawili wakitazama shina lile, na niliyajua macho yale. Koko Orpa naye aliyaona. Uso wake ulibadilika. Ukikatwa mmoja mbele ya kanisa zima, na kwa ruhusa ya mzee, kwa nini usikatwe wa pili? Miaka mitano ya mstari wake ingekuwa majivu kabla ya Krismasi.

"Papa René," alisema taratibu, "ule wa tatu kule ni wa nani?"

René aligeuka kuutazama. Msangu wa tatu ulikuwa wa mke wake. Alikuwa ameumwagilia mwenyewe, hata siku zisizokuwa zamu yake.

"Kama leo tunakata huu, kesho bantu batafika kwa ule. Batasema: ule nao, nani alihakikisha? Nani aliona? We utakuwa unasimama hapa kila siku na kujibu?"

"Lakini, Koko, mutu mwenyewe iko hapa!"

"Basi tumuulize mwenyewe."

Cyrille alikuwa akiangalia kibati.

"Kwa matanga yangu," aliuliza, "batu balikuwa bengi?"

"Balijaa," alisema Koko. "Mpaka inje."

"Na balilia?"

"Huyu hapa alilia kuliko bote," akaninyooshea kidole, bila huruma. "Tulimumwagia maji."

Nikasema ni uongo, ilikuwa vumbi. Watu walicheka, na Cyrille akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

"Mi sikujuaka kama niko na mtu wa kunililia," alisema. "Muniachie mti yangu. Nitaumwagilia mi mwenyewe."

Koko alisogea, akakifungua kibati, akakigeuza. Jina likaelekea shina, upande mtupu wa bati ukatutazama sisi.

"Sasa hauna mtu," alimwambia René. "Unangoja tu. Kuna ubaya gani mti kungoja?"

René akafikiri, akaweka panga kwapani, akaenda zake. Tukamsikia akikohoa alipopita karibu na mti wa tatu.

Hivyo ndivyo Dzaleka ilivyopata mtu aliyemwagilia mti wa matanga yake mwenyewe, akichechemea na ndoo, na watu wakimtania njia nzima kwamba maiti ana bidii. Alirudi kwenye kibanda changu. Mikono ya makoti ikawa inalingana. Mti nao ulikua kwa kiburi, labda kwa sababu ya yale maji yote ya kwanza, na alipochoka mchana alijilaza chini yake. Koko alikuja na muhogo, wakala pamoja, wakabishana juu ya mbolea. Kwa mama mmoja asiye na mtoto na mtoto mmoja asiye na mama, sikuwahi kuona mpango mzuri zaidi, ingawa wao wenyewe hawakuupa jina.

Miaka ilikwenda hivyo. Kanisa likaanza kupungua, familia moja Australia, nyingine Amerika, na kila ndege ilichukua wabeba maji wanne au watano. Kufikia mwaka 2018 tulikuwa na miti mingi kuliko waimbaji wa kwaya.

Agosti mwaka huo tumbo lilimwangusha Koko Orpa, wakampeleka hospitali Lilongwe. Nilikaa naye siku kumi na moja. Alikuwa amebaki mdogo kitandani, viganja vyake tu vilikuwa vile vile. Mchana mmoja alinishika mkono.

"Mama Aristote, huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa nane, Koko."

"Mbaya," alisema. "Mvua iko mbali."

Nilimwambia aache maneno hayo, atapona, tutarudi na minibasi pamoja. Hakunisikiliza.

"Nitaingia mu bakuli," alisema. "Miezi tatu mu bakuli, na mi siko tena wa kuigusa asubuhi. Na bantu banaenda, kila siku banaenda. Mpaka mvua inyeshe, nani atakuwa anakumbuka?"

"Mimi nitakumbuka!"

"We unasahauka hata kufunga mlango."

Alitabasamu, lakini alikuwa anaogopa. Mwanamke aliyewatunza wafu wetu wote alikuwa anaogopa kuwa kama mumewe, ardhi tupu ambayo mtu atapita juu yake bila kujua. Nilimwapia kwa majina yote ninayoyajua. Sikuona kwamba ameamini, na hilo ndilo lililoniumiza.

Alifariki mwanzoni mwa Septemba. Tulimrudisha Dzaleka, tukamzika kwenye jua kali, udongo mgumu kama tofali. Baada ya kula, nilikata kibati nyumbani kwake na kutafuta lile bakuli. Nilipotoka nalo, Cyrille alikuwa mlangoni na kopo la rangi ya buluu.

"Acha bakuli," alisema. "Kuya, tuende."

Tukaenda nyuma ya kanisa, na Papa René, mzee sana sasa, akatufuata. Kila kitu mteremkoni kilikuwa kikavu. Mbawa wa Cyrille ulikuwa kijani, umepita paa la kanisa, na kivuli chake kilitosha watu ishirini kukaa. Cyrille alipiga magoti kwa shida kwa ajili ya ule mguu, akakishika kibati kile kwenye upande wake mtupu, uliongoja miaka tisa, akaandika polepole kama mtu anayekata kitambaa cha harusi: ORPA.

René akamgeukia. "Na we, mutoto wangu? Siku yako?"

"Mi nitangoja mvua," Cyrille akajibu. "Mi niko na nguvu ya kungoja. Yeye hapana."

Tukakaa kivulini, sisi watatu, tukalia bila kuficha.

Asubuhi yake nilichukua ndoo, nikapanga foleni bombani, nikapandisha maji mpaka kule. Najua, mti wa miaka tisa haumhitaji mtu na ndoo yake. Lakini matangani nilikuwa nimekula sahani mbili.