Dereva wa Greda Katika Gari la Mbio

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha chochote. Fomeni wa yadi ya ujenzi pale Sumbawanga, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata kiangazi, alinikabidhi beleshi na kunionyesha mtaro uliojaa mchanga.

"Greda utaipanda," alisema, "lakini kwanza ujue maji yanapita wapi. Adui wa barabara si lori, ni maji."

Nilizibua mitaro msimu mzima wa mvua. Niliporuhusiwa kupanda mtambo, nilikuwa nimeshaelewa kwa nini barabara ya vumbi lazima iwe na mgongo, yaani iinuke katikati na kuteremka pembeni, ili maji yasipate mahali pa kulala. Greda ndiyo inayoutengeneza mgongo huo. Ina kisu kirefu cha chuma chini ya tumbo lake, na dereva hukilaza, hukiinua na kukigeuza kwa vishikio vilivyopangwa mbele yake. Ukikizamisha mno, unachimba handaki. Ukikiinua mno, unapita juu ya rasta bila kuzikata, yale matuta madogomadogo yanayotingisha gari hadi meno yagongane. Vijana hudhani ni kazi ya nguvu. Ni kazi ya vidole.

Baadaye nilihamishiwa Matai, nikakaa huko hadi binti yangu wa kwanza alipoanza shule. Mhandisi wa huko, mtu mpole, alizoea kusimama pembeni ya barabara niliyoimaliza na kuitazama kama mtu anayekagua suti aliyoshonewa. "Ukifanya vizuri, bwana," aliniambia siku moja, "hakuna atakayekukumbuka. Watakukumbuka siku barabara ikikatika." Kutoka Matai nikapelekwa bondeni, upande wa Ilemba, ambako njia inashuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwa kona zinazopishana kama utumbo wa mbuzi. Msimamizi wa huko alikuwa na neno moja tu kinywani: "Taratibu!" Sikulihitaji. Greda haina haraka. Watoto wa shule walinipita kwa miguu huku wakinipungia.

Lakini kelele zilikuwa nyingi. Injini ilikaa nyuma ya mgongo wangu, hakuna mlango wala kioo, inanguruma kutwa nzima. Tulizungumza kwa mikono. Nikishuka jioni masikio yaliimba kama nyenje, nikishakula yananyamaza. Wote tulikuwa hivyo, tukaona ndiyo kazi yenyewe.

Nilipostaafu nilirudi kijijini kwetu, Mollo, kulima mahindi na ulezi. Huko ndiko ilikonikuta kazi nyingine, ya siku mbili tu, ambayo sikuiomba.

Binti yangu huyo wa kwanza, Leokadia, sasa anafundisha hisabati sekondari pale mjini, na mwisho wa wiki hushindana mbio za magari. Si zile za kwenye televisheni. Ni klabu ya watu wa kawaida: mafundi, wafanyabiashara, daktari mmoja wa meno. Wanaomba kibali, barabara ya vijijini inafungwa kwa muda, na kila gari linaondoka peke yake na kupimwa muda wake. Ndani wanakaa wawili. Mmoja anaendesha. Wa pili anaitwa msoma ramani, ingawa ramani hana. Ana noti za njia, ambazo wameziandika wenyewe walipoipitia njia polepole siku moja kabla. "Kushoto tatu, nyoosha, kulia tano." Namba inaeleza ukali wa kona, ikiwa ndogo, kona inajikunja sana. Msomaji anasoma kwa sauti, dereva anaendesha kwa kusikia, maana kwenye vumbi macho yanachelewa.

Msoma ramani wa Leokadia ni mumewe, Elias, kijana wa Mbeya mwenye duka la vipuri. Kipupwe kilichopita, wiki ya mashindano, aliteleza dukani akavunjika mkono. Alhamisi jioni Leokadia akaja nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta kiti, akaketi mbele yangu. "Baba, nina shida. Jumamosi na Jumapili sina mtu wa kunisomea noti."

Mke wangu, Perpetua, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Usimtazame huyo. Huyo tangu azaliwe hajawahi kuipita baiskeli."

Nadhani ni maneno hayo yaliyoniponza. "Nitakwenda," nikasema.

"Kweli, baba?" Leokadia alinikazia macho. Niliona kwamba alikuja akijua atakataliwa, nikashangaa kwa nini.

Ijumaa tulizipitia njia za siku zote mbili. Kila kona alisimamisha gari, akanigeukia na kunitajia namba, mimi naandika kwa herufi kubwa. Tulielewana vizuri. Nyingi ya barabara zile nilizichonga mwenyewe, nikamwonyesha kalavati la kupitishia maji nililolifukia kwa mawe ya mto, nikamweleza mgongo umelala wapi kwa kukosa matunzo. Alicheka, akasema hajawahi kunisikia nikiongea kiasi kile.

Jumamosi kulikuwa na upepo ule wa kipupwe unaopenya hadi kwenye mifupa. Tulivaa helmeti za kufunika uso mzima. Baadhi ya magari yalikuwa na vipaza sauti ndani ya helmeti. Letu lilikuwa gari dogo la zamani lisilo navyo, Leokadia na mumewe wamezoea kupigiana kelele. "Baba, una sauti ya kutosha," alisema, na kweli ninayo. Mwenye bendera akaishusha, na mimi, ambaye maisha yangu yote niliiona barabara ikija kidogo kidogo kama mgeni mzee, niliiona ikinirukia.

"Kushoto nne! Nyoosha! Kulia tano!" Nilikuwa nasoma na kucheka kwa pamoja. Mawe yalipiga chini ya gari kama mvua juu ya mabati. Leokadia alibadilisha gia kwa wepisi ambao sikujua anao. Niliona fahari imenijaa kifuani, hata nikasahau kuogopa.

Tulipokaribia kijiji cha mwisho nilisoma, "Kulia mbili," kisha nikanyamaza nikisubiri kona ipite ndipo nisome inayofuata. Badala ya kukunja, gari lilikwenda moja kwa moja. Tuliruka mtaro, tukaingia shambani, tukapanda juu ya ntumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa tunazika majani ndani yake yaoze kuwa mbolea. Gari likakaa juu ya tuta, magurudumu ya mbele yakielea hewani.

Leokadia alizima injini, akavua helmeti. Alikuwa amekasirika.

"Umeumia?" aliniuliza akinigeukia.

"Hapana. Wewe?"

"Baba, kwa nini hukunijibu?"

"Hukuniuliza kitu."

"Jiwe lilipiga, sikusikia namba! Nimekwambia rudia, rudia, rudia! Umekaa kimya tu!"

"Leokadia, hukusema neno."

Alifungua mlango, akashuka, akasimama akinipa mgongo na kutazama shamba. Nilivua helmeti yangu nikahangaika na mkanda. Baada ya muda aligeuka, amenikunjia uso.

"Huna jibu hata la hilo?"

"La lipi?"

Akabaki amenitazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Aliinua mkono wake wenye glovu, akaufunika mdomo, akasubiri, akaushusha.

"Nimesema nini?"

"Hujasema. Umefunika mdomo tu."

Machozi yakamtoka. Nilidhani ameumia ndani kwa ndani, nikaanza kuita watu, lakini alikuja akapiga magoti kwenye majani kando ya mlango wangu, akanishika mkono.

"Baba, wewe husikii."

"Nasikia. Watu wa siku hizi ndio mnanong'ona."

Alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Halafu akanieleza, polepole, uso wake ukiwa mbele ya uso wangu. Siku aliposhinda kikombe chake cha kwanza alikuja nyumbani mbio, akanisimulia mashindano yote akiwa anaosha vyombo jikoni, mimi nipo sebuleni, mlango wazi. Alipomaliza nilikaa kimya. Kisha nikamuuliza kama mvua imenyesha mjini.

"Nikasema, mzee hapendi. Mzee anaona aibu binti yake kukimbiza magari. Tangu siku hiyo sikukuambia tena habari zangu. Si za mbio tu, baba. Zote."

Nilikumbuka jinsi alivyokuwa ameacha kuongea nyumbani, nami nikajifariji kwamba mtoto akishaolewa ndivyo anavyokuwa, maneno yake yanahamia kwa mumewe.

"Ningependa kukisikia kile kisa," nilimwambia. "Mama, ningependa sana."

Mwenye shamba alikuwa ameshafika, mama wa makamo na jembe begani, na majirani zake nyuma. Alitusalimu Kifipa kwanza, kwa utaratibu wote, habari za nyumbani na za watoto, ndipo akauliza kama gari letu limechoka barabara. Tulimwomba radhi kwa tuta lake. Alisema tuta hujengwa tena, tusukume. Wakasukuma, tukamaliza njia tukiwa nyuma ya wengine wote.

Jioni ile nyumbani Perpetua alituandalia ugali wa ulezi na migebuka. Leokadia alimwambia yaliyotokea. Mke wangu hakushangaa hata kidogo.

"Kwani unadhani kwa nini nagonga meza kabla sijakusemesha?" aliniuliza.

"Nilidhani ni hasira."

"Hasira za miaka yote hiyo? Nilijua unajua!"

Elias, aliyekuwa akihangaika kukata samaki kwa mkono mmoja, alicheka hadi akapaliwa. Kisha akasema kwa heshima, "Basi, baba, kesho nitamtafuta mtu mwingine upumzike."

Nilimtazama Leokadia. Nilikuwa tayari kukubali. Mtu asiyesikia ni hatari kumkalisha pale. Lakini yeye alikuwa akiwaza, kama anavyowaza mbele ya ubao.

"Kazi ya baba ni kusema," alisema. "Kusikia ni kazi yangu. Nikitaka arudie, nitampiga goti. Baba, uko tayari?"

"Niko tayari."

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tuliteremka Ilemba, maana njia ya siku hiyo ilianzia bondeni na kupanda mlima hadi juu uwandani. Mimi ninaijua njia ile, lakini sikusoma ninachokijua. Nilisoma kilichoandikwa. Kwenye kona za utumbo, bonde likizidi kuzama chini yetu upande wa kushoto, mkono wa Leokadia uliacha gia ukanigonga goti, nami nikarudia, "Kulia mbili!" Akakunja. Tulipopanda zaidi ukanigonga tena, nikarudia. Sijui niliitwa mara ngapi. Najua kila nilipoitwa niliitika.

Hatukushinda. Jumamosi ilikuwa imeshatumaliza. Ila kwenye ule mlima muda wetu uliwashinda watu wenye magari makubwa kuliko letu, akiwemo daktari wa meno, ambaye alikuja kunipa mkono na kusema maneno marefu. Sikuyasikia, nikamwomba ayaseme tena akinitazama.

Ninyi mnaoshika mitambo leo, nawaambia kama mzee wa kazi hiyo: zibeni masikio. Vifuniko vipo, vivaeni hata wenzenu wakiwacheka. Sisi tulijua kulinda macho na vidole, tukadhani sikio linajilinda lenyewe. Daktari ameniambia kilichokwenda hakirudi. Amenipa kifaa kidogo kinachopiga mluzi, nakivaa kanisani na kwenye vikao. Barabara nilizochonga zinapitika, nyingine sasa zina lami, na hakuna anayemkumbuka aliyezichonga. Hilo halinisumbui.

Elias amepona, amerudi kwenye kiti chake. Leokadia huja siku za Jumapili baada ya misa. Anavuta kiti, anageuza uso upande wa dirisha ili mwanga umwangukie mdomoni, ananisimulia. Hafuati mpangilio, leo shule, kesho mbio, siku nyingine utoto wake mwenyewe. Juzi alinisimulia jinsi alivyokutana na Elias, kisa ambacho ukoo mzima unakijua isipokuwa mimi. Alikwenda kununua plagi, Elias akamwambia atamwuzia kwa sharti moja. Hapo akanyamaza kidogo, anatabasamu peke yake.

Nikasogeza kiti changu karibu. "Halafu," nikamuuliza, "akasemaje?"