Sahani ya Karimbhai

Juzi nilijikokota hadi mtaa wa Ndia Kuu, mimi ambaye hata mkate wa dukani hutuma mtoto, nikakuta sahani ya santuri imegeuzwa saa ya ukutani. Katikati bado alikuwapo yule ndege kanga.

Karimbhai, jirani yetu nilipokuwa mtoto, muuza kanga za kuvaa, ndiye aliyemchagua awe nembo ya santuri zake. Alirekodi taarabu za kwetu katika chumba cha nyuma ya duka, na shangazi Zuwena aliimba humo kwa siri, maana babu aliapa sauti ya bintiye haitavuka kizingiti.

“Leo naleta sahani ya kwanza,” Karimbhai alimwambia shangazi. “Mzee na aonje mwenyewe.”

Nikanawa mikono, nikakaa mkekani kungoja pilau.

Sahani ikaja nyeusi, inanuka kama viatu vipya vya Idi.

“Na wali je?” nikauliza.

“Nyamaza, mlafi we!” Shangazi akanifinya kwa vidole vya baridi.

Gramafoni ikakwaruza, kisha sauti ya shangazi ikajaa nyumba nzima, na mwenyewe yuko kando yangu kafumba mdomo!

Babu akasikiliza mpaka mwisho. “Ni nani huyu?”

“Ni mimi, baba.”

Babu akasogea karibu na gramafoni. “Haya, igeuzeni. Upande wa pili una nini?”

Nikasahau pilau. Wanaonijua wanajua huo ni muujiza.