Kuvu Kwenye Magamba ya Malaika

Nilitoka Kibondo kwa sababu ya picha. Gervas, mfuga chatu wa Kasulu, alinitumia kwenye simu tumbo la chatu wake jike, Malaika: magamba yamevimba, yamegeuka manjano, yanabanduka. "Ameungua na taa ya joto," aliandika. Mimi ni daktari wa mifugo, mtu wa Tanga niliyehamishiwa huku, na kazi yangu hasa ni ng'ombe na mbuzi. Lakini picha ya kila siku ilionyesha kidonda kimesogea mbele, na taa alishaizima.

Asubuhi basi liliondoka na mvua. Kituo cha Makere walipanda akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mmoja, Mkongo, aliuliza sanduku langu lina nini. Nikamwambia ni vifaa vya kupimia nyoka.

"Nyoka nayo inagonjwaka?"

Watu wakacheka. Nje ilikuwa mihogo na matope tu.

Mchana nilifika Kasulu. Gervas alinipokea pamoja na mkewe Zubeda, muuza vitenge. Chatu wao watatu, Malaika na wadogo wawili, walikaa uani, kila mmoja kwenye sanduku lake la mbao, juu ya maranda ya mbao yaliyolowa. Gervas huwapeleka shuleni ili watoto wajue si kila nyoka ni wa kuuawa.

"Taa iko juu, kidonda kiko chini," nilimwambia. "Huku si kuungua."

Sikuona utitiri, wala ngozi kuukuu iliyokwama. Chini ya ukoko nyama ilikuwa laini, inanuka. Nilikwangua kidogo, nikatia dawa ya kulainisha, nikatazama kwa hadubini. Nyuzi nyembamba zenye matawi. Kuvu. Ila kuvu ya kawaida pia huota kwenye ngozi iliyokufa, kwa hiyo nilikata kipande cha nyama hai cha kupeleka maabara.

"Unawasafishaje?"

"Kwa kitambaa hiki. Naanza na Malaika, kisha hawa wadogo."

Nikawageuza wadogo. Mmoja alikuwa na baka tumboni, mwingine chini ya kidevu.

Gervas alikitazama kitambaa mkononi. "Ni mimi niliyewaambukiza?"

Nilitamani kumdanganya. "Unyevu umewadhoofisha, kaka. Kitambaa kimewapelekea kuvu."

Jioni alikubali nimchome Malaika sindano ya kumaliza mateso. Hakuwa amekula kwa wiki nyingi, na pua ilikuwa imeziba. Gervas alimshika kichwa mpaka mwisho. Zubeda, ambaye hajawahi kumgusa nyoka, alileta kitenge kipya kutoka dukani akamfunika.

Kesho yake niliwaachia dawa na glavu, nikatandika karatasi kavu badala ya maranda, nikarudi Kibondo. Tangu safari ile, nikiitwa kwa mnyama mmoja, nawageuza wote waliomo uani.

Mmoja wa wale wadogo alikufa kabla majibu hayajafika. Yalipokuja, nilimpigia Gervas. "Ni kuvu kweli. Huyu aliyebaki usimwachishe dawa."

"Anakula," alisema. "Nilikuwa naomba ukosee, Daktari. Ingekuwa taa, ningekuwa nimemuumiza mmoja tu."